Umeme si ule ule: tofauti ya AC na DC, kuanzia paneli ya sola hadi nguzo ya stima

Mwezi uliopita, baada ya swala ya adhuhuri, tulisikia harufu ya plastiki inaungua. Ilitoka kwenye chumba kidogo cha vipaza sauti, nyuma ya msikiti wa mtaani kwetu. Msimamizi alikwenda mbio akakuta kisanduku cha sola kinatoa moshi. Dakika chache kabla alikuwa ameshusha bureka ya paneli ili apanguse vumbi kwenye inveta. Bureka ilishuka, lakini ndani yake kulibaki mwanga wa buluu unaunguruma, kama mtu anayechomelea chuma. Haukuzimika mpaka vijana wawili walipopanda darini na mabusati wakazifunika paneli zote.

Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Kilichoungua ni kisanduku, nyaya kiasi, na rangi ya ukuta.

Fundi aliyeifunga sola ile ni mzee wa kazi. Nyumba nyingi za mtaa huu amezitia waya yeye, na zinawaka hadi leo. Alipokuja kutazama hasara alikuta bureka imeyeyuka, naye akashangaa kwa dhati. Ilikuwa bureka nzuri, ya ampea 32, ile ile anayofunga kwenye nyumba za watu. Akaniuliza, kwa kuwa anajua nilisomea stashahada ya umeme kabla ya kalamu kuniteka: "Mwanangu, umeme si ule ule?"

Si ule ule, mzee. Nami nikaona swali lake si la peke yake. Siku hizi kila paa la pili hapa pwani lina paneli, na mafundi wetu wengi walijifunza kazi kwenye stima ya nguzo. Basi tulieleze jambo hili taratibu.

Mikondo miwili

Umeme kwenye waya ni mwendo wa chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Zikisukumwa upande mmoja tu, zikatoka kwenye ncha moja ya betri, zikapita kwenye taa na kurudi kwenye ncha ya pili, bila kugeuka, huo huitwa mkondo mnyoofu. Kwa mafundi ni DC. Betri ya gari, betri ya tochi, betri ya simu na paneli ya sola zote hutoa DC. Ncha yake chanya hubaki chanya, na hasi hubaki hasi, mpaka betri iishe au jua lizame.

Mkondo geu, yaani AC, haukai upande mmoja. Husukuma mbele, hupungua hadi sifuri, huvuta nyuma, hurudi sifuri, halafu huanza tena. Stima ya Kenya hufanya mzunguko huo mara 50 kila sekunde, na hiyo ndiyo maana ya hezi 50 unayoiona imeandikwa mgongoni mwa friji. Kila mzunguko hupita kwenye sifuri mara mbili. Kwa hivyo, katika kila sekunde moja kuna nukta 100 ambazo umeme wa soketi yako haupo kabisa. Ishike hiyo 100, kwani ndiyo iliyokosekana kwenye bureka ya msikiti.

Watu huuliza: ikiwa elektroni zinakwenda mbele na kurudi nyuma, kazi inafanyika vipi? Mtazame seremala na msumeno wake. Msumeno unakwenda na kurudi pale pale, na ubao unakatika. Kinachofika kwenye pangaboi lako ni nguvu ya ule mwendo. Elektroni zenyewe huyumba mahali pamoja tu, hazijasafiri kutoka Rabai kuja kukupepea.

Kuhusu volti 240 tunazozitaja kila siku, hizo si kilele cha stima. Kwa kuwa AC hupanda na kushuka, kilele chake hufika karibu volti 340. Ile 240 ni kipimo cha kazi: birika likiwekwa kwenye AC ya volti 240 litachemsha maji kwa muda ule ule ambao lingechemsha kwenye DC ya volti 240.

Kuzitambua si vigumu. Geuza chaja ya simu usome maandishi yake madogo. Upande wa kuingiza utaona AC, au alama ya wimbi. Upande wa kutoa utaona DC, au mstari ulionyooka wenye vistari chini yake. (Usichanganye na ile AC nyingine, ya kupoza chumba. Kijana mmoja wa duka la vifaa aliwahi kunijibu kwamba yeye anauza nyaya tu, AC nikaulize kwa wauza friji.)

Kwa nini nguzoni kuna AC

Mwanzo wa mambo haukuwa hivyo. Tarehe 4 Septemba 1882, Thomas Edison aliwasha kituo chake cha Pearl Street mjini New York, na alichouza kilikuwa DC ya volti 110 hivi. Taa ziliwaka vizuri. Tatizo lilikuwa umbali, kwani wateja wa mbali na mtambo walipata mwanga dhaifu. Sababu yake inafaa ifahamike, kwa maana ndiyo hiyo hiyo inayowasumbua watu wa sola leo.

Waya wowote hula sehemu ya umeme unaopita ndani yake na kuigeuza joto. Kinacholeta hasara hiyo ni ampea, na hasara hupanda kwa mraba wa ampea: ukizidisha ampea mara mbili, hasara ni mara nne. Sasa chukua vifaa vya wati 1,200. Kwa volti 12 vinahitaji ampea 100. Kwa volti 240 vinahitaji ampea 5 tu. Waya ukiwa ni ule ule, hasara ya volti 12 ni mara 400 ya hasara ya volti 240. Kwa hivyo anayetaka kusafirisha umeme mbali hana budi kupandisha volti, kisha azishushe kabla hazijafika kwa mlaji.

Hapo ndipo DC ilipokwama. Chombo rahisi cha kupandisha na kushusha volti ni transfoma: kiini cha chuma chenye nyaya mbili zilizosokotwa, zisizogusana. Nguvu huvuka kutoka waya mmoja kwenda wa pili kwa njia ya usumaku, lakini usumaku huo huzaa umeme pale tu unapobadilika. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831. AC hubadilika wakati wote, kwa hivyo transfoma inaipenda. DC imetulia, na usumaku uliotulia hauzai kitu. Ukiunganisha transfoma kwenye DC nyingi haitatoa chochote upande wa pili. Itapata moto tu mpaka iungue. Mota za AC, kama ile ya pangaboi la kawaida, huweza kufikwa na balaa hilo hilo.

Kwa hivyo George Westinghouse alipoingia na AC, na mwaka 1888 akanunua haki za mota na mitambo ya Nikola Tesla, mashindano yalianza kuelemea upande mmoja. Maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893 yaliwashwa kwa AC. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo, mwendo wa kilomita zaidi ya 30, jambo ambalo mtambo wa Edison usingeliweza.

Huku kwetu, historia ya stima inaanzia kisiwani Mvita. Kampuni ya kwanza ya kuuza umeme Mombasa ilitokana na mtambo alioununua mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee mwaka 1908. Kwa simulizi ya shirika la stima lenyewe, mtambo huo ndio uliowahi kuangaza kasri la Seyyid Barghash na mitaa ya karibu kule Unguja. Kampuni ya Mombasa na ya Nairobi ziliunganishwa mwaka 1922. Leo mtandao umeenea nchi nzima, na wote ni wa ngazi zile zile za transfoma: umeme hupandishwa ukitoka kwenye mtambo, husafiri kwa volti laki kadhaa, hushushwa hadi 33,000 na 11,000, na ile transfoma unayoiona juu ya nguzo, penye kunguru, ndiyo inayoufikisha kwenye 240.

Ndani ya nyumba zote mbili zimo

Ajabu ni kwamba vitu vingi unavyovitumia havitaki AC inayoletwa na nguzo. Simu, redio, televisheni, kompyuta na globu za LED hufanya kazi kwa DC ndani yake. Ndiyo maana kila kimoja kina chaja au kijisanduku ndani cha kunyoosha mkondo. Kazi hiyo hufanywa na dayodi, kitu kidogo kama punje ya mtama kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kama vali ya pampu.

Chaja nzuri za siku hizi zimeandikwa 100 hadi 240, hezi 50 au 60. Hizo utazichomeka Mombasa, Maskati au Makka bila wasiwasi. Blenda aliyokuletea shangazi kutoka Marekani ni jambo jingine. Kule ni volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka hapa bila transfoma itatoa sauti moja kali, kisha hutaisikia tena.

Inveta ni chaja iliyogeuzwa: inachukua DC ya betri na kuitengenezea mawimbi ya AC. Hapo bei hutofautiana kwa sababu. Inveta nzuri hutoa wimbi laini kama la stima. Zile rahisi hutoa wimbi la ngazi, linaloruka kutoka juu hadi chini bila ulaini. Globu na chaja nyingi hustahimili. Pangaboi litanguruma na kupata joto, na mashine ya friji vilevile, tena friji inapoanza huvuta nguvu mara kadhaa ya ile iliyoandikwa. Anayetaka friji ya stima iende kwa sola na asipungukiwe, anunue inveta ya wimbi laini au anunue friji ya DC moja kwa moja.

Waliofunga globu za volti 12 wenyewe hulalamika kwamba taa ya chumba cha mwisho ina mwanga hafifu. Ni hesabu ya Edison ile ile. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi ni mita 20, una ukinzani wa kama omu 0.15. Pitisha ampea 5 na utapoteza robo tatu ya volti njiani. Kwenye 240 hutajua. Kwenye 12 tayari umekosa asilimia 6. Ongeza unene wa waya, au sogeza betri karibu.

Bureka na ule mwanga wa buluu

Sasa turudi kwenye kisanduku cha msikiti.

Unapozima swichi yoyote, vipande viwili vya chuma ndani yake huachana. Katika nukta ile ya kuachana umeme huruka pengo, na hewa iliyo katikati hupata moto mkali hadi yenyewe inapitisha umeme. Cheche hiyo hutokea kwenye AC na kwenye DC. Lakini kumbuka ile 100. Kwenye AC, kabla sehemu moja ya mia ya sekunde haijapita, mkondo huwa sifuri, cheche hukosa chakula, hewa hupoa, na pengo likiwa limeshapanuka haiwaki tena. Bureka ya nyumbani imetengenezwa ikitegemea msaada huo.

DC haina sifuri. Paneli zimeendelea kusukuma, cheche imeendelea kula, na pengo dogo la bureka ya AC haliitoshi kuikata. Tena paneli si kama nguzo, hazina mtu wa kupigiwa simu akazizima. Maadamu jua linawaka, zinatoa umeme. Paneli nane zikiungwa kwa mfululizo, kila moja ikitoa volti 40 hivi, zinakupa volti zaidi ya 300 za DC juu ya paa. Hicho ndicho kilichokuwa kikiunguruma pale.

Bureka ya DC imeundwa kivingine. Nyingi zina sumaku ndani inayoivuta cheche pembeni, kwenye vijibati vinavyoikata vipande vipande na kuipoza. Nyingine zina alama ya chanya na hasi, na ukizigeuza sumaku huisukuma cheche mahali pasipofaa. Ni vitu vya kusomwa kabla ya kufungwa. Hata swichi ndogo na rilei zinasema wazi: utakuta imeandikwa ampea 10 kwa volti 250 AC, na chini yake, ampea 10 kwa volti 30 DC. Kifaa ni kimoja, na volti zake za DC ni sehemu ndogo tu ya zile za AC.

Kwa mwenye sola nyumbani nasema haya. Ukitaka kuzima, anza na vifaa na inveta, ndipo ushushe swichi ya paneli, ili ikatike ikiwa haina mzigo. Usichomoe plagi za paneli wakati zinafanya kazi. Na fundi akija na bureka, isome. Ikiwa ina alama ya wimbi tu, na haina neno la DC wala volti zake, usikubali ifungwe upande wa paneli au wa betri.

Rangi za nyaya nazo zimewahi kuwapotosha watu. Kwenye DC nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Kwenye nyumba zetu za zamani, nyekundu ni waya moto wa stima na nyeusi ndio ule wa kurudi, na kwenye nyaya mpya waya moto ni wa kahawia na wa kurudi ni wa buluu. Nyumba yenye stima na sola pamoja inaweza kuwa na waya mweusi wa maana mbili ndani ya bomba moja. Andika kwenye kisanduku, hata kwa kalamu ya wino.

Ipi inaua zaidi?

Swali hili huulizwa barazani, na kila mtu ana jibu lake. Kwa ampea zilizo sawa, AC ya hezi 50 huutikisa moyo kwa urahisi zaidi kuliko DC, na hukaza misuli hadi mkono ukashindwa kuachia. Lakini DC ya volti 300 haina huruma, na cheche yake huunguza nyama. Betri ya volti 12 haitakurusha ukiigusa kwa mkono mkavu, ila ukiangusha spana juu ya ncha zake mbili itatoa mamia ya ampea, na spana itakuwa nyekundu kabla hujaiokota. Mwenye pete au saa ya chuma aivue kwanza.

Ndugu zetu wa mashua za mashine wanaijua DC kwa ubaya mwingine. Umeme wa betri ukivuja kidogo chomboni na kuingia majini, huenda upande mmoja tu, siku baada ya siku, na maji ya chumvi huupitisha vizuri. Chuma kinachotoa mkondo huo kinaliwa: propela, misumari, bomba. AC inayovuja haili chuma kwa kiasi hicho, kwa kuwa kinachotolewa nusu ya kwanza ya mzunguko kwa sehemu kubwa hurudishwa nusu ya pili. Ukiona propela mpya imetoboka kama imeng'atwa, kabla ya kumlaumu muuzaji kagua nyaya za betri.

DC imerudi kwenye nguzo

Kama Edison angelikuwa hai angelicheka. Vifaa vya kielektroniki vya siku hizi vinaweza kupandisha na kushusha volti za DC bila transfoma ya kale kusimama peke yake, na kwa masafa marefu sana DC sasa ndiyo yenye faida. Hutumia nyaya mbili badala ya tatu, na nchi mbili zinaweza kuuziana umeme bila mitambo yao kupiga hatua moja kwa pamoja. Wakongo walitangulia. Laini ya kutoka Inga hadi Kolwezi, kule Katanga kwenye wasemaji wa Kiswahili, ina kilomita 1,700 na ilianza miaka ya 1980. Sisi tuna ya kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa: zaidi ya kilomita 1,000, volti 500,000 za DC, yenye uwezo wa megawati 2,000. Kenya ilianza kununua umeme kwa njia hiyo Novemba 2022. Pale Suswa hugeuzwa kuwa AC, ndipo unaingia kwenye mtandao wa nchi.

Mzee wetu alirudi msikitini Jumamosi iliyofuata na kisanduku kipya, amekinunua kwa pesa zake. Kabla hajafunga chochote aliwaomba vijana wafunike paneli, kisha akaniita akanipa bureka mkononi. "Nisomee," akasema, "macho yangu si ya juzi." Nikamsomea: DC, volti 500, ampea 32, na alama ya chanya juu kushoto. Akaichukua, akaigeuza mara mbili, akatia alama ya chaki kwenye waya mwekundu, akaanza kazi.